Kuhusu yule baba aliyerudi

Mwanangu,

Salamu zimefika, na swali pia. Umeiangalia ile filamu bubu ya mwongozaji Mjapani Ozu ya mwaka 1930, *Sono yo no tsuma* (yaani Mke wa Usiku Ule), na unaniuliza: askari kanzu kajifanya kalala, mlango uko wazi, mke anamhimiza mumewe akimbie, mume anatoka, halafu anarudi mwenyewe kukamatwa. Ana akili huyu?

Wewe ulimwangalia mume. Macho yangu mimi yalikuwa kwa Mayumi, mkewe. Mume kaiba pesa ofisini kwa ajili ya mtoto wao, Michiko, ambaye daktari kasema akivuka usiku ule atapona. Dereva wa teksi aliyemfikisha nyumbani, kumbe ndiye yule askari! Mayumi akamwelekezea bastola, akamnyang'anya na ya kwake, akakesha nazo zote mbili ili mumewe abaki na mtoto. Aliyemshinda si askari, ni usingizi. Kichwa kinainama, kinanyanyuka, kinainama tena. Alipozinduka, bastola zote ziko kwa askari. Naye hakumburuta mtu, alingoja kuche.

Jibu naliona hapo. Askari yule angekuwa katili, mume angekimbia bila kugeuka nyuma. Lakini wamekesha chumba kimoja, mgonjwa mmoja. Ukimtoroka mtu wa namna hiyo, umemtwisha yeye deni lako akalilipe kazini kwake. Na ukitoroka, utamlea mtoto saa ngapi, wakati kila hodi inakurusha dirishani? Usiniambie sheria imeshinda. Mimi sikuona mshindi mle ndani.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa na miaka mitatu homa ilikupanda usiku, na duka la dawa likakataa kutukopesha. Baba yako alitoka saa nne bila hata senti. Mimi nikabaki nachovya kitambaa kwenye beseni, nakikamua, nakuwekea kwenye paji, kinakauka kabla sijakaa. Saa saba akarudi na chupa ya dawa. Na chenji. Akaipanga mezani, sarafu moja moja, bila kuniangalia.

Nilichukua kijiko nikakunywesha. Sasa hivi yuko barazani, anasikiliza redio, na mpaka leo sijamuuliza.

Mama yako