Maswali Yenu: Udongo katika Chumba cha Maonyesho

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Moshi. Tumepewa darasa lisilotumika tulifanye makumbusho madogo ya udongo kwa ajili ya wanafunzi na wazazi. Mwaka jana tulipanga chupa kumi na mbili zenye udongo wa rangi mbalimbali, kila chupa na karatasi ya jina lake, lakini wageni walizipita bila hata kusimama. Tulikosea wapi?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, udongo ukishachotwa, ukapondwa na kutiwa chupani hubaki rangi tupu. Habari zake nyingi zimo katika mpangilio: tabaka la juu lenye mboji, njia za mizizi, vitundu vya minyoo, mahali ambapo maji hutuama. Ndiyo maana makumbusho yanayojali elimu hii huonyesha mkato mzima wa wima, kama ulivyo ardhini. Makumbusho ya udongo ya Wageningen, Uholanzi, yana mikato zaidi ya 1,000 kutoka nchi nyingi, na onyesho lililofunguliwa mwaka 2008 katika makumbusho ya historia ya viumbe na mazingira asilia mjini Washington lilitundika mikato 54 ukutani.

Ninyi mikato mitatu inawatosha, mradi itoke kwenye mteremko mmoja: wa kwanza katika kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, wa pili katikati ya mteremko, na wa tatu katika shamba la mahindi kule chini tambarare. Familia nyingi za kwenu zina kihamba juu na shamba chini, kwa hiyo mzazi atakayeingia atakuwa anatazama mali yake mwenyewe. Wazo la kuusoma udongo kwa kufuata mteremko, kila aina ikiungana na jirani yake kama pete za mnyororo, lina mizizi hapa nchini. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ndiye aliyeliita “katena”, yaani mnyororo kwa Kilatini, mwaka 1935, na hadi leo neno hilo hufundishwa vyuoni duniani kote. Sioni sababu ya mwanafunzi wa Moshi kulisikia kwanza akiwa chuo kikuu.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko fedha. Chimbeni shimo la kina cha mita moja na nusu, msawazishe ukuta mmoja, kisha mchonge nguzo ya udongo yenye upana wa sentimita 20, unene wa sentimita 10 na urefu wa mita moja. Fundi seremala awatengenezee fremu ya vipimo hivyo. Mwivike nguzo ile, mgongomee ubao kwa mbele, ndipo mkate nyuma polepole kwa kisu huku wawili wameshikilia. Chagueni siku ambayo udongo una unyevu kidogo, kwa kuwa mkavu humomonyoka na uliolowa hushuka wote. Mkato wa udongo wa kawaida hautapungua kilo 25, lakini ule wa majivu ya volkano huenda ukawa mwepesi kuliko mnavyotazamia, na wepesi huo nao ni somo: mwachieni mgeni ashike bonge la kila aina. Ukishakauka kivulini, upakeni gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji.

Kwenye vibandiko, jina ambalo wazee wa kijijini huliita udongo huo litangulie, la kitaalamu lifuate kwa herufi ndogo. Mezani wekeni glasi mbili za maji, kila moja na kichujio cha waya mdomoni, mtumbukize bonge kavu la kihamba katika moja na la shamba linalolimwa kila mwaka bila samadi katika nyingine. Kwa kawaida la pili huporomoka upesi na kuyachafua maji, nalo la kwanza hukaa. Hapo mtu husimama.

SWALI: Udongo wetu wa mlimani ni mweusi, na wa mbugani ni mweusi. Je, si kitu kimoja?
Mzazi, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Hapana. Weusi wa udongo wa Meru hutokana na mboji nyingi iliyoshikamana na madini ya majivu ya volkano. Ule wa mbuga mara nyingi hauna mboji nyingi kiasi hicho. Ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hata mguu wa ng’ombe ukaweza kuzama katika nyufa zake. Mwalimu wa Moshi naye anaweza kulionyesha jambo hili: kandeni kila udongo na maji, mtengeneze vipande vyenye urefu wa sentimita 10, mviache vikauke juu ya dirisha kwa wiki moja, kisha watoto wavipime kwa rula. Wa mbugani utakuwa umefupika waziwazi, na huenda pia umejikunja.