Muuzaji Akikuuliza "Niandike Ngapi?"

Kama kazi yako ni kununulia watu vifaa vya ujenzi, swali hili unalijua. Umesimama dukani Kariakoo, nondo zimeshahesabiwa, saruji inapakiwa kwenye kirikuu, na muuzaji kashika kalamu: "Bosi, niandike ngapi?" Hanong'oni wala haoni haya. Nondo uliyolipia 25,000 kwa hela ya bosi anaiandika 28,000 kwenye risiti, na kwa nondo 100 umeshavuna 300,000 kabla hujala mchana. Hicho ndicho cha juu.

Mimi ni mtu wa manunuzi, na Jumapili naimba kwaya. Ninachoweza kumwambia kijana anayeanza kazi hii ni kwamba asiende kuamulia kaunta. Pale ada ya mtoto inadaiwa, mwenye nyumba kapiga simu asubuhi, na waliokutangulia kwenye foleni wote wameandikiwa zao. Danieli wa kwenye Biblia aliazimu moyoni mwake kwanza kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme, ndipo akaenda kuzungumza na wakubwa. Na alipokwenda hakuwahubiria. Aliomba chakula kingine na maji, yeye na wenzake wajaribiwe siku 10.

Nawe nenda na pendekezo mkononi. Mimi husema, "Andika niliyolipa. Kama kuna ya kwangu, ipunguze kwenye bei, halafu nipe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi." Utaulizwa kama umekuwa mlokole. Cheka, endelea kuhesabu mifuko. Kuna wanaojitetea kwa kusema bosi wao mkali, anapiga simu dukani kuhakikisha bei. Kama si kweli, usiseme. Umekwepa wizi ukaangukia uongo, na siku bosi akisafiri hutakuwa na kisingizio.

Sasa mshahara. Wengi hawali cha juu kwa tamaa. Wanatumwa mjini bila nauli wala vocha, kisha wanategemewa warudi na vifaa vyote na tabasamu. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwaambia, pamoja na mengine, watoshewe na mishahara yao. Andiko hilo linanichoma, hasa mwezi ukifika tarehe 10 na benki kimya. Ila kutoshewa si kukaa bubu. Andika nauli yako, chakula na kupakia mzigo kwenye karatasi ileile ya bei za vifaa, umpe bosi aone. Akikataa, mmebishana mchana kweupe. Akikubali, umepata haki yako na usingizi wako.

Kisingizio kinachonikera zaidi ni hiki: "Si natoa zaka humohumo?" Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, hakusema atatoa fungu la kumi la alichonyang'anya. Alisema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Na sisi kanisani tuna sehemu yetu katika hili, tusijifanye hatuoni; mwenye bahasha nene anapigiwa makofi siku ya harambee, na hakuna anayetaka kujua imetoka wapi.

Jiandae pia kununiwa. Dereva aliyezoea mgawo atakuona umemzibia riziki, na mtunza stoo atasema unajipendekeza kwa bosi. Usiwajibu kwa mistari ya Biblia. Mnunulie dereva chipsi kwa hela yako mnapongoja mzigo, muulize habari za nyumbani, na usiende kumchongea kwa mambo ya zamani usiyoyashuhudia. Kununa kunaisha, ingawa si kwa wote.

Kigumu kuliko vyote ni bosi mwenyewe anapokwambia ulete risiti iliyopandishwa ili akamtoze mteja anayejengewa. Hapo huwezi kusema unalinda hela yake. Ninachofanya ni kumwambia tukiwa wawili, bila kumwaibisha mbele ya mafundi: "Bosi, bei nitakuletea ya dukani. Faida yako iandike mwenyewe kwenye mkataba, na iitwe faida." Mkandarasi ana haki ya kupata faida, na mteja ana haki ya kujua analipia nini. Wapo wanaoelewa. Wapo watakaomtuma mtu mwingine dukani wiki inayofuata, na wewe ukabaki kuhesabu tofali saiti. Kwa hiyo kabla hujayasema hayo, kaa na mwenzi wako nyumbani mpige hesabu mtaishi vipi safari za mjini zikikatika.