Uliza Shangazi: Mtaani hakuna anayenijua, eti wote wamejuana kwa Mangi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu tumehamia Goba mwaka jana, nyumba yetu wenyewe, ukuta na geti kama unavyojua siku hizi. Vitu vya ndani tunachukua supamaketi mara moja kwa mwezi, mboga analeta bodaboda. Juzi jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kafiwa na mama yake, sisi tumejua baada ya kuona maturubai. Nikaenda kutoa pole nikakuta wamama wanaitana mama nani mama nani, grupu la WhatsApp wanalo, mchango walishakusanya, mimi hakuna hata anayejua natokea geti lipi. Niliumia sana. Nikauliza mlijuanaje, mmoja akanijibu "si hapo kwa Mangi". Kwa Mangi ndo wapi, na nifanyeje? (Mgeni wa Goba)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Ila hilo la "kwa Mangi ndo wapi" umenichekesha, maana hapo unapita kila siku vioo juu na AC inapuliza. Ni kile kiduka chenye nondo mbele, maboksi ya sabuni yamepangwa mpaka dari, nje kuna benchi na vijana wanacheza drafti. Mangi ni chifu kwa Wachaga, ila mwenye duka sio lazima awe Mchaga, Mkinga wa Makete akifungua duka Dar naye anaitwa Mangi na anaitika vizuri tu. Ungekuwa Unguja ungeambiwa kwa Mpemba.

Sasa watu wanajuana pale kwa sababu moja tu, wananunua kidogo kidogo. Anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku: asubuhi majani ya chai na sukari robo, mchana unga nusu na mafuta ya kupima ya jero, jioni luku ya buku mbili na kiberiti. Hapo mtu mmoja kashaenda dukani mara tatu, na kila akienda anasubiri kwanza Mangi ammiminie mwenzake mafuta kwenye kichupa, kwahiyo lazima asalimie, lazima aulize mtoto anaendeleaje na kile kikohozi, na msiba ukitokea Mangi ndo anakuwa wa kwanza kuusikia maana wanaenda kwake kuchukua majani ya chai ya kilo na sukari ya kilo kumi, hiyo peke yake inamwambia kuna jambo. Wewe unanunua mara moja kwa mwezi, na keshia wa kule ana foleni nyuma yako.

Kaa pale hata nusu saa uone. Atakuja mtoto wa chekechea kakunja noti ya buku kiganjani, kasahau alichotumwa, kasimama anamwangalia Mangi tu. Mangi atamwambia "sukari mlichukua jana, leo itakuwa mafuta", anampimia, chenji anaifunga kwenye kikaratasi anamwekea mfukoni. Huyo mtoto hata akienda kucheza mtaa wa pili kuna mtu mzima anayejua kwao ni wapi. Na wageni je? Serikali imeweka anwani za makazi mwaka 2022 kabla ya sensa, namba zimebandikwa ukutani, lakini mpigie bodaboda umtajie namba uone, atakuuliza "ni kabla ya kwa Mangi au baada ya kwa Mangi?"

Cha kufanya. Supamaketi usiache, mfuko wa kilo 25 una unafuu kuliko kupima robo robo, sitakudanganya. Ila acha makusudi vitu vidogo visiwemo kwenye orodha yako ya mwezi, mkate, chumvi, vocha, mayai, halafu uende kwa miguu, jioni, mwenyewe. Sio kutuma dada wa kazi! Na nakuhakikishia huyo dada pale anajulikana kuliko wewe, wanamwita kwa jina, muombe akupeleke. Chenji ikikosekana usikubali kulipwa pipi, mwambie "nitaifuata kesho", kesho una sababu ya kurudi. Mchango wa msiba ukipita weka wako bila kuuliza wengine wametoa ngapi, na hapo hapo omba wakuunge kwenye grupu.

Umbea nao upo, nisikufiche. Watajua mumeo karudi saa ngapi na gari limekaa gereji siku ngapi. Ukitaka kujulikana kwenye shida na hilo utalibeba.

SWALI: Shangazi, mimi ndo huyo Mangi sasa, duka langu lipo Mbagala. Daftari la madeni limejaa. Nimebandika "kukopa harusi kulipa matanga", wanalisoma wanacheka halafu wanasema niandikie. Nikikataa naonekana nina roho mbaya, nikiendelea duka linakufa. (Daftari Nene)

JIBU: Kaka, kale kakaratasi kabandue tu, wanaokopa ni hao hao wanaokuja na cash wakipata. Mkopo wako hauna riba, mwingine akiukosa kwako anakwenda kwa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali, na mwisho wa wiki wanabeba tv yake. Kwahiyo kopesha, ila kwa mpaka. Kila mtu awe na kiwango chake kulingana na unavyomjua, chakula na sabuni ndio, bando na soda hapana. Andika mbele yake aone, na mwambie naye aandike kwake. Ambaye hajafuta la zamani haongezi jipya, isipokuwa mgonjwa na aliyefiwa, hao unajua mwenyewe. Na usimdai mtu mbele ya watu kwenye nondo hata akikukera vipi, maana ataanza kuzunguka njia ya nyuma asikuone, hapo umekosa hela na mteja pia. Kingine, hela ya mzigo itenge kabla hujakopesha chochote, wa jumla wa Kariakoo haangalii daftari lako.

SWALI: Tumesikia supamaketi inajengwa hapo njia panda. Sisi wa maduka madogo tutapona? (Muuza Duka, Tabata)

JIBU: Mtapona. Supamaketi ya Shoprite walikuja Tanzania kwa kishindo, mwaka 2014 wakawauzia wenzao Nakumatt. Supamaketi ya Uchumi nao wakafunga 2015. Nakumatt wenyewe nao hawakudumu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anapima mafuta ya jero wala kufungua dirisha saa nne usiku mtoto ana homa na mama anatafuta glukosi. Mi ningekuwa wewe ningeogopa Desemba. Nyie Wachaga mnafunga wote mnaenda kwenu Moshi wiki tatu, mtaa mzima unahangaika na mkate, na yule jirani yako asiye na safari anabaki anawazoesha wateja wako. Muachie mtu duka, hata kama ni kwa nusu siku.