Mkojo wa rangi ya chai, bia mbili na chumvi ya mihogo

Shikamoo daktari. Mimi ni konda, Mbagala. Jua hili la Januari nakunywa maji kutwa nzima, lakini nakojoa mara mbili tu, tena mkojo kama chai. Figo zimekufa?

Marahaba. Zinachapa kazi. Ukining'inia mlangoni maji yanaishia kwenye jasho, chumvi inazidi kwenye damu. Ubongo hushtuka mapema, unaachia homoni iitwayo vasopresini, nayo huziamuru figo zirudishe maji kwenye damu. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku. Zinazofika chooni ni lita moja au mbili. Mkojo wako mzito ni ubahili wa makusudi. Ila hesabu chupa ulizomaliza, siyo mara ulizopiga funda. Mkojo ukibaki hivyo hata siku ya mapumziko, au ukiwa mwekundu, kapime.

Bia mbili tu, mbona chooni naenda mara nne? (Sinza)

Pombe huizuia vasopresini isitoke. Figo zikikosa amri, zinaachia tu.

Mwanangu, nina presha. Jioni miguu inavimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Ni chumvi? (Mama, Tandika)

Shikamoo mama. Inaweza kuwa. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa aldosteroni, homoni ya kuzuia chumvi isipotee, na chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Ukila chumvi nyingi homoni hiyo inatakiwa ishuke, na moyo nao hutoa homoni yake ya kuisukuma chumvi nje. Kwa wengi wenye presha mizani hii imelegea. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ya kwenye mchuzi, mkate na ile ya pilipili unayochovyea mihogo (najua, bila hiyo hainogi).

Lakini nikuulize: unameza amlodipini, ile ya presha? Dawa hiyo yenyewe huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Usiiache kimyakimya, rudi kliniki ubadilishiwe. Ukivimba na kuhema ukilala, nenda leo hiihii.

Mtoto akiharisha, dafu linatosha? (Kigamboni)

Hapana. Dafu lina potasiamu tele, sodiamu (ile ya kwenye chumvi) haba, na sodiamu ndiyo anayoipoteza sana. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kwa kijiko, taratibu.