Maswali ya Wasomaji: Wamerudi, Lakini Dramu ni za Nani?

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimeangukia sehemu moja: bendi nzito, za roki na hevi metali, zilizonyamaza miaka mingi, kisha zikaibuka na albamu mpya. Nimechagua tano. Yule aliyeniandikia kurasa saba kuhusu nywele za wapiga gitaa anisamehe, nimezisoma zote nikacheka, ila nafasi haitoshi.

Swali: Shikamoo mzee. Muziki mzito nilifundishwa na kaseti za Black Sabbath za baba yangu. Albamu yao ya kurudi, 13, nimeisikiliza mara nyingi na naipenda. Lakini kila ikiisha nahisi kuna mtu alikosekana mle ndani. Rafiki zangu wanasema ni kwa sababu tu nilisoma kwamba mpiga dramu wa awali hakushiriki, eti nisingesoma nisingesikia chochote. Kweli?

Marahaba, kijana wangu. Waambie rafiki zako masikio yako ni mazima.

Tarehe 11 Novemba 2011 wote wanne walikaa mbele ya waandishi wa habari mjini Los Angeles wakatangaza kwamba wanarudi studio: Ozzy Osbourne mwimbaji, Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa dramu. Haikupita miezi mitatu, Ward akasema mkataba aliopewa si wa kutia saini. Kiti chake akakalia Brad Wilk wa bendi ya Rage Against the Machine, na albamu ikatoka Juni 2013. Nani alikuwa na haki katika mambo ya mkataba, hayo nawaachia wao na mawakili wao. Mimi naongelea kinachosikika.

Nilipiga dramu miaka kumi na moja, mpaka bega likagoma. Kwa hiyo albamu yoyote mpya naanza kuisikilizia kwenye dramu, kama fundi cherehani anavyoanza kutazama mishono kwenye koti la mwenzake. Bill Ward alikulia kwenye jazi, akiwahusudu wapigaji kama Gene Krupa. Ndiyo maana kwenye zile kaseti za baba yako hapigi sambamba na gitaa, analijibu. Chukua "War Pigs" ya mwaka 1970. Ozzy anaimba mstari mmoja, nyuma yake hakuna kitu ila yale matoazi mawili ya mguuni yakihesabu. Kisha gitaa na dramu vinaanguka pamoja mara mbili, halafu kimya tena. Sikiliza yale matoazi peke yake. Hayaendi kama saa ya ukutani. Yanavuta kidogo, yanalegea kidogo, kama mtu anayetembea huku akimsikiliza mwenzake. Ukisogeza mapigo yale yakae sawasawa kwenye mstari, wimbo unakufa.

Wilk ni mpigaji hodari na simlaumu hata kidogo. Lakini yeye anagonga katikati ya pigo, imara, safi. Kwenye "God Is Dead?", wimbo wa karibu dakika tisa, anashika pale alipopewa na hatoki. Gitaa linasema, naye anaitikia "ndiyo". Ward angeitikia "ndiyo, lakini..." Hiyo "lakini" ndiyo unayoikosa.

Kinachonichekesha ni kwamba prodyuza Rick Rubin aliwakalisha akawapigia albamu yao ya kwanza, akawataka wasahau kabisa habari ya hevi metali na warudi kwenye hali waliyokuwa nayo walipoitengeneza. Albamu hiyo ilirekodiwa siku moja tu, Oktoba 1969, vijana wanne wamejifungia chumbani wakipiga kama wako jukwaani. Wazo zuri sana. Ila ukitaka watu warudishe hali ya chumba kile, na robo ya chumba haipo, unategemea nini?

Sasa nigeuke upande wa pili, maana sitaki uifungie albamu hiyo kabatini. Mkono wa Iommi umo mzima. Mapema mwaka 2012 aligundulika kuwa na saratani ya limfu, na kazi ya albamu ikaenda hivyo hivyo, katikati ya matibabu. Na mkono wenyewe una historia. Alipokuwa na miaka 17, mashine ya kiwandani mjini Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo ule wa kulia ndio wa kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole, akavibandika ngozi juu ili visiteleze. Akafunga nyuzi nyembamba. Baadaye, kwenye albamu ya 1971, akazilegeza kabisa, toni moja na nusu chini, na moja ya sababu ni kwamba nyuzi zilizolegea hazimtesi aliyeumia. Ule uzito tunaouabudu, sehemu yake kubwa ni maumivu ya mtu yaliyotafutiwa njia. Wimbo wa kwanza wa 13 unapoanza kujikokota, hicho ndicho unachokisikia, na hakuna wa kukodi akakupa.

Ozzy naye hakuwa ametoa albamu nzima ya studio na wenzake tangu 1978. Miaka 35! Sauti imeshuka, na mara nyingi anaimba akiifuata rifu hiyohiyo, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, badala ya kukwea juu yake. Ni akili ya mzee anayejua goti lake. Uingereza albamu ilishika namba moja, mara ya kwanza kwao tangu Paranoid ya 1970, na Marekani ikawa namba moja yao ya kwanza kabisa.

Kwangu mimi wamerudi robo tatu, na robo tatu hizo ni nzito kuliko bendi nyingi zilizotimia. Bendi yangu mwenyewe, ambayo hata jina lake halina maana kwako, ilikutana tena baada ya miaka tisa. Wimbo wa kwanza wa mazoezi niliingia kwenye kiitikio pigo moja kabla ya wakati. Mpiga besi akaangua kicheko: lilikuwa kosa langu lilelile la siku zote, na wote walikuwa wameshanisubiri palepale bila hata kunitazama.

Ward alirudi kitini, lakini jukwaani. Tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park, Birmingham, wote wanne walipiga nyimbo nne, Ozzy akiimba ameketi. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki. Mmojawapo wa nyimbo hizo ulikuwa "War Pigs". Tafuta, usikilize matoazi.

Swali: Tool walituweka miaka 13 tukisubiri albamu ya Fear Inoculum. Guns N' Roses nao karibu miaka 15. Hawa watu huwa wanafanya nini muda wote huo?

Usiwaweke kapu moja. Tool walibaki walewale wanne, na walipotoka Agosti 2019 walitoa wimbo wa dakika zaidi ya kumi ulioingia kwenye chati ya nyimbo 100 za Billboard, mrefu kuliko wowote uliowahi kuingia humo hadi wakati huo. Walikuwa wanafinyanga. Chinese Democracy, albamu ya Guns N' Roses ya 2008, ni habari nyingine: kati ya waliotengeneza albamu ya kwanza ya bendi alibaki Axl Rose peke yake, wengine wakiingia na kutoka kama abiria. Ile naihesabu kama albamu ya mtu mmoja mwenye subira kubwa kuliko ya mashabiki wake. Ina nyimbo mbili tatu ninazozipenda, lakini sijawahi kuona kama kuna aliyerudi.

Swali: Kaka, samahani kama nitakuudhi. Mimi sikubali Alice in Chains kuendelea baada ya Layne Staley kufa. Mwimbaji akifa, bendi izikwe naye. Ubaya wangu uko wapi?

Dada, hujaniudhi, na huna ubaya wowote. Mimi mwenyewe nilisema maneno hayohayo mwaka 2009 kabla hata sijaifungua albamu yao ya kurudi, Black Gives Way to Blue. Nikaiacha wiki nzima kwenye nailoni yake, nimenuna.

Kilichonibadilisha ni kurudia zile za zamani kwanza. Jaribu. Sikiliza albamu ya 1992 ukiwa na vipokea sauti masikioni, na umtafute Staley peke yake. Utahangaika, maana sehemu nyingi hayuko peke yake: Jerry Cantrell, mpiga gitaa, anaimba kando yake, sauti mbili zimebanana hadi zinakwaruzana kidogo. Sauti tuliyoiita ya Alice in Chains ilikuwa ya watu wawili tangu mwanzo. Staley alipofariki Aprili 2002 ilikatika nusu. William DuVall, mwimbaji mpya, alipoingia hakupewa kiti cha marehemu akae na kumwigiza. Nyimbo nyingi Cantrell ndiye anayeongoza, DuVall anajaza upande wa pili.

Halafu kuna wimbo wa mwisho wa Black Gives Way to Blue, uliobeba jina la albamu. Ni wa kumuaga Staley, mfupi, taratibu, na anayepiga piano ni Elton John. Hawakujifanya hakuna aliyekufa. Ukiusikiliza bado ukasema izikwe, sitabishana nawe.

Swali: Kwa nini albamu hizi za kurudi zinaumiza masikio? Napunguza sauti, bado zinanipigia kelele.

Kwa sababu zimebanwa. Fundi anakata vilele vya sauti kubwa, kisha anapandisha kila kitu hadi darini, hivyo mnong'ono na pigo la dramu vinakaribiana. Ukipunguza sauti ya redio yako, vyote viwili vinashuka pamoja na ule msongamano unabaki palepale. Albamu ya 13 ililalamikiwa sana kwa hili, na malalamiko yalikuwa ya haki. Mfano maarufu zaidi ni Death Magnetic ya Metallica, 2008: mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo kwenye mchezo wa video wa gitaa zilisikika na nafasi zaidi kuliko kwenye sidii. Watu wakaanza kuzirekodi kutoka kwenye mchezo! Ukiweza kupata toleo la santuri, lisikilize kwanza kabla hujamlaumu mpiga gitaa.

Swali: Mimi ni mgeni kabisa kwenye muziki huu. Nikitaka kuanza na albamu moja ya kurudi, nianzie wapi?

Anza na 13, pamoja na manung'uniko yangu yote hapo juu, lakini anzia mwishoni. Weka wimbo wa nane, "Dear Father". Gitaa likikatika usizime. Itasikika radi, mvua, na kengele inalia kwa mbali. Iache iishe yenyewe. Kisha, bila kuamka kwenda kupika chai, weka albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya Februari 1970, kuanzia mwanzo kabisa. Utasikia mvua.