Dada wa boksi la Viferon: hizo si vitamini

Dada uliyeuliza kama umpe mtoto wako wa miaka miwili, anayerudiwa na mafua, zile sapozitori (dawa za kuwekwa njia ya haja kubwa) za Viferon ambazo shemeji yako alileta kutoka Moscow akisema ni za vitamini, nimesoma majibu yote hapo juu. Wengi wanakwambia mpe tu mtoto, vitamini haina madhara. Mwingine kasema ukate nusu. Mimi nililea watoto wadogo Moscow wakati mume wangu anasoma, na friji yetu wakati wa baridi ilikuwa haikosi hizo dawa, kwa hiyo ngoja nikueleze ninachokijua.

Geuza boksi usome tena. Dawa yenyewe humo ndani ni interferoni alfa-2b. Vitamini C na vitamini E zimo kweli, lakini zimewekwa kuisaidia interferoni ifanye kazi, si kumjenga mtoto. Kwa hiyo shemeji yako aliposema "za vitamini" alisoma nusu ya maandishi. Interferoni ni protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza ukivamiwa na virusi. Hii ya kwenye boksi hutengenezwa kwa bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Ndiyo maana haipewi kwa mdomo: tumbo lingeimeng'enya kama kipande cha nyama. Inawekwa njia ya haja kubwa, inayeyuka, mwili unaifyonza kutoka huko.

Sasa namba. Umeandika boksi linasema 500,000. Dawa hii ina nguvu nne: yuniti 150,000, 500,000, milioni 1 na milioni 3. Kwa mafua ya kawaida, maelekezo ya Kirusi yanampa mtoto wa chini ya miaka 7 ile ya 150,000, moja asubuhi na moja jioni, saa 12 kati yake, kwa siku 5. Ndiyo maana boksi lina kumi. Ile ya 500,000 ni ya mtoto aliyevuka miaka 7 na watu wazima. Wako ana miaka miwili. Na huyo mkuu wa "kata nusu", hesabu zake hazikai: nusu ya 500,000 ni 250,000. Isitoshe hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba dawa imegawanyika sawasawa pande zote mbili za kisu.

Hata namba ingekuwa sahihi, kuna suala la safari. Hii dawa hukaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Umbo lake limefanyizwa kwa mafuta ya kakao, ambayo makusudi huyeyuka karibu na joto la mwili. Moscow ya Januari unaitoa duka la dawa mpaka nyumbani mfukoni bila wasiwasi, nje kumeganda. Lakini sanduku la ndege, saa za kusubiri kuunganisha, halafu teksi ya Dar bila kiyoyozi? Ikishayeyuka, ukaiweka kwenye friji ikaganda tena, kwa macho inaweza kuonekana nzima, lakini protini iliyopigwa joto hairudi kwa kugandishwa. Kama alibeba bila barafu, mimi nisingeitumia kwa mtoto yeyote.

Je, inafanya kazi? Kule daktari wa watoto wa kliniki ya mtaa anakuja mpaka nyumbani mtoto akiwa na homa, bure, anavua viatu mlangoni, anaandika karatasi ndefu: maji ya chumvi ya puani, chai, dawa ya homa ikivuka 38.5, na mara nyingi sana sapozitori za interferoni. Majirani zangu waliziamini kama sisi tunavyoamini tangawizi na limau. Tafiti zinazoisifu zimefanyika zaidi huko huko Urusi na nchi jirani. Marekani haijaidhinishwa kabisa, na watoto wa kule nao mafua yanawaisha. Kwa wangu, mafua yalichukua karibu wiki, nikiweka au nisipoweka. Sikuona baya lolote zaidi ya chupi kuwa na mafuta. Wapo watoto wanaotoka vipele na kuwashwa. Maelekezo yanasema ukiacha dawa huisha ndani ya saa 72. Kwa hiyo kwangu mimi si sumu, ila si kitu cha kumhangaikia shemeji akibebe kuvuka mabara.

Sapozitori ninayoiheshimu ni ya paracetamol. Hiyo usiidharau. Mtoto ana homa, kila ukimpa ya maji anatapika, usiku wa manane: hapo ndipo inapookoa, na maduka makubwa ya dawa ya hapa yanayo, tena haihitaji maagizo kutoka nje. Kipimo ni kwa uzito, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 mpaka 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anaingia vizuri kwenye ile ya 125. Hatari inayowapata wazazi wengi ni kuweka nyuma halafu bibi naye akampa ya maji chumba cha pili. Zote ni paracetamol, na ini la mtoto linazihesabu pamoja. Andikeni saa kwenye karatasi, ibandikeni kwenye friji.

Namna ya kuweka, kwa sababu kuna aliyeuliza: nawa mikono, kata kucha. Mtoto alale ubavu wa kushoto, magoti yakunjwe kuelekea tumboni. Kama imelainika kwa joto, itie friji ndani ya kifungashio chake kwanza. Ichovye kwenye maji ya kawaida, usipake mafuta ya mgando. Sukuma taratibu mpaka ipite ule msuli, halafu yabane makalio kwa dakika chache huku mnaimba au mnahesabu. Akijisaidia kabla, bora zaidi. Na mwambie unachofanya hata kama ni mdogo. Watoto wanaoshikwa ghafla ndio wanaopigana mara ya pili.

Lakini uko Tanzania, dada, siyo Moscow. Kule homa ya mtoto wakati wa baridi ya Januari ni virusi karibu kila mara. Hapa homa ni kipimo cha malaria kwanza, siku hiyo hiyo, kabla ya kushusha nyuzi na kusema kapona. Mtoto anayedegedeka, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu au aliyelegea haamki vizuri, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Hata huko vijijini kuna dawa ya malaria ya kuwekwa nyuma, artesuneti ya miligramu 100, anayopewa mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili kali akiwa njiani kwenda hospitali. Inamsogeza tu, haimalizi matibabu.

Na kama shida yako kweli ni vitamini, matone ya vitamini A yanatolewa bure kliniki kila miezi sita kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5. Angalia kadi yake kama yamerukwa. Hakuna boksi la Kirusi linaloshinda hilo.

Mafua kujirudia kwa mtoto aliyeanza kituo cha kulelea watoto, mara 6 mpaka 8 kwa mwaka, ni kawaida hata kama inachosha. Nijibu haya basi: anakoroma usiku? Analala mdomo wazi? Masikio yanatoa maji? Uzito unapanda? Kama anakoroma na mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe nyama za puani. Boksi lenyewe mpelekee mfamasia akalitupe kwa utaratibu, na shemeji mwambie asante, safari ijayo alete chokoleti.