Kichwa cha mjamzito

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama presha ya mimba hurithiwa, maana mkunga wa huko Dodoma amekupima 142/92 akaanza kukuuliza habari za ukoo. Ndiyo, mama au dada akiwahi kuipata, hatari huongezeka. Mimi sikuipata. Lakini kisa cha mama yako mdogo umekisikia nusu tu.

Ilikuwa 1993, siku ya pili baada ya kujifungua, nyumbani kwa bibi yako. Kichwa kilimuuma tangu alfajiri, akasema anaona vimulimuli. Nikampa panadol, nikamwambia alale, ni uchovu wa uzazi. Mimi, mwaka wa pili chuo cha uuguzi! Adhuhuri akaniuliza, "Dada, mbona mmefunga madirisha?" Yalikuwa wazi yote, jua linampiga usoni. Sijamjibu, kifafa cha mimba kikamshika.

Siku mbili hakuona kitu. Macho yalikuwa mazima, mwanangu. Presha ikipanda, mishipa ya ubongo hujibana ili damu iingie kwa kipimo chake kilekile. Ikizidiwa, hushindwa kujibana, damu inasukuma kwa nguvu, maji yanavujia kwenye ubongo. Mara nyingi huanzia kisogoni, na huko ndiko tunakoonea. Siku ya tatu akaniambia gauni langu ni la bluu. Nililia hadi muuguzi wa zamu akanitoa wodini.

Wengi tuliamini mzigo ukishatua, na presha imetua. Hivyo ndivyo ninavyojitetea. Kisha nalikumbuka daftari langu: "maumivu ya kichwa", mstari wa kalamu nyekundu chini yake. Basi nilijua. Au nilijua kwa ajili ya mtihani tu.

Kichwa cha mjamzito hakidharauliwi, wala cha mzazi. Meseji yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kama kinakuuma. Kikigoma kutulia, ukiona ukungu, au ukiumwa chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa ileile, hata usiku wa manane. Mama yako mdogo walimchoma diazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Mwaka 1995 utafiti mkubwa ulionyesha dawa ya magnesiamu inazuia kifafa hicho kurudi vizuri kuliko diazepamu, na 2002 mwingine ukaonyesha inapunguza hatari ya kukipata kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo dawa ipo, ila haiwezi kukufuata kitandani.

Kuhusu kujifungulia hapa Tanga au kubaki karibu na daktari wako, baba yako amenikataza kukuamulia. Haya, sikuamulii. Lakini mkoba wangu uko mlangoni, na mashine ya kupimia presha nimeshaitia ndani.

Mama yako